Joto la Bahari na Mvua za Vuli Visiwani Mafia

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu maandalizi ya msimu wa vuli



Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo unamtosha mtu aliyeanika dagaa au nazi uwanjani, kwa maana akitazama juu hupata dakika chache za kuanua. Lakini kijiji chenye mtaro uliojaa mchanga, shule yenye paa bovu, au mtaa ambao kisima chake kimechimbwa jirani na choo, hakiwezi kuokoa kitu kwa dakika chache. Kinahitaji wiki kadhaa, na mara nyingine miezi. Kwa bahati njema, mvua kubwa za vuli zina dalili inayotangulia mawingu kwa miezi miwili au mitatu, nayo imo ndani ya bahari yenyewe: ni joto la maji ya Bahari ya Hindi, upande wake wa magharibi na upande wake wa mashariki. Mazungumzo haya yanaeleza dalili hiyo ni ipi, inafanyaje kazi, inakosea wapi, na kila kata inaweza kuitumiaje kabla mwezi Oktoba haujaingia.

Bahari kama ghala la joto

Mkazi wa kisiwani anajua kwamba bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Mchanga wa pwani huunguza nyayo saa saba mchana na usiku ukapoa, ilhali maji hubaki karibu vile vile. Sababu ni kwamba maji huhifadhi joto jingi kuliko hewa. Tabaka la juu la bahari lenye kina cha mita mbili na nusu hadi tatu tu linaweza kuhifadhi joto sawa na hewa yote iliyo juu yake. Ndiyo maana bahari ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, jambo ambalo mwogeleaji hawezi kulitambua, hewa iliyo juu yake hubadilika tabia kwa miezi.

Mabadiliko hayo yana hatua zinazofuatana. Maji yenye joto hutoa mvuke zaidi. Hewa yenye joto nayo hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 inayoongezeka. Hewa hiyo hupanda, na ikifika juu hupoa. Mvuke wake hugeuka kuwa matone, na mgeuko huo hutoa joto ambalo huisukuma hewa ipande zaidi. Nafasi iliyoachwa chini hujazwa na upepo kutoka pande nyingine, nao huja umebeba unyevu uliokusanywa njiani. Hivyo mahali ambapo bahari ina joto kuliko sehemu zinazoizunguka hugeuka kuwa mahali pa kukusanyia mawingu. Mahali ambapo bahari imepoa, hewa hushuka, na mawingu hufifia kabla ya kuwa mvua.

Visiwa hupokea mvua hiyo kwa namna zinazotofautiana. Kisiwa chenye milima mirefu huilazimisha hewa yenye unyevu ipande ghafla. Réunion, kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, una kilele kinachozidi mita 3,000, na ndiko ilikopimwa mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa duniani kwa saa 24: milimita 1,825, mwezi Januari 1966, wakati wa kimbunga. Mahé katika Ushelisheli na Ngazidja katika Komoro ni visiwa vya milima pia, na huko mvua kubwa huleta maporomoko ya ardhi.

Mafia haina mlima. Mvua yake hutengenezwa juu ya bahari na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri. Hilo halikifanyi kisiwa kuwa salama, bali hubadilisha sura ya hatari. Ardhi ya mchanga iliyolala juu ya mwamba wa matumbawe hunyonya mvua za kwanza vizuri, hata mtu akadhani kwamba mafuriko hayawezi kutokea. Lakini maji yasiyo na chumvi chini ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari, nayo hayako mbali na uso wa ardhi. Mvua ikinyesha kwa wiki mfululizo, maji hayo hupanda. Visima hujaa, mashimo ya vyoo hujaa, na mabonde hutoa maji kutoka chini. Hapo mvua ya siku moja ambayo mwezi uliotangulia ingenyonywa yote hubaki juu ya ardhi kwa kuwa haina pa kwenda.

Pande mbili za bahari moja

Watu wengi wamesikia redioni jina la El Niño. Asili yake iko mbali. Wavuvi wa pwani ya Peru ndio walioliita hivyo joto la bahari lililokuwa likiwafikia karibu na Krismasi, kwa maana ya Mtoto, yaani mtoto Yesu. Katika hali ya kawaida, pepo za Bahari ya Pasifiki husukuma maji yenye joto kuelekea Indonesia. Pepo hizo zikilegea, joto hurudi katikati na mashariki ya Pasifiki, na mpangilio wa pepo na mawingu hubadilika katika sehemu kubwa ya dunia. Hali hiyo hutokea kila baada ya miaka 2 hadi 7. Hali iliyo kinyume chake, ambapo Pasifiki ya kati hupoa kuliko kawaida, huitwa La Niña.

Bahari ya Hindi nayo ina mzunguko wake. Wanasayansi waliueleza kwa ukamilifu mwaka 1999 na kuuita Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani hali ya ncha mbili. Ncha moja ni upande wa magharibi, baharini mbele ya pwani ya Afrika Mashariki. Ncha ya pili ni upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra. Kwa kawaida upande wa Sumatra ndio wenye joto zaidi, na huko ndiko mawingu mazito hujengeka. Lakini katika miaka fulani, kuanzia Mei au Juni, pepo za kusini mashariki kandokando ya Sumatra huzidi nguvu. Husukuma maji ya juu yaondoke pwani, na maji baridi ya kina huibuka kuchukua nafasi yake. Upande wa mashariki hupoa. Maji yenye joto husogea na kurundikana magharibi. Mawingu huhama pamoja na joto hilo, na pwani ya Afrika Mashariki pamoja na visiwa vyake hupata mvua ambayo katika mwaka wa kawaida ingenyesha Indonesia. Hiyo ndiyo dipoli chanya. Ikiwa kinyume chake, upande wa mashariki ukapata joto zaidi na wa magharibi ukapoa, huitwa dipoli hasi, na vuli ya Afrika Mashariki huwa haba.

Vituo vya utabiri hupima jambo hili kwa hesabu nyepesi. Huchukuliwa tofauti ya joto la upande wa magharibi na kawaida yake, kisha hutolewa tofauti ya upande wa mashariki na kawaida yake. Jibu likizidi nyuzi 0.4 kwa wiki kadhaa mfululizo, dipoli chanya huhesabiwa kuwa imeanza. Kwa kawaida hali hiyo hukua Julai na Agosti, hufikia kilele kati ya Septemba na Novemba, na hufa Desemba au Januari pepo za kaskazi zinapotawala. Kilele chake huangukia katika msimu wa vuli, unaoanza Oktoba na kwisha Desemba. Hapo ndipo ilipo sababu ya Mafia kuitazama bahari hii ya karibu kwa makini kuliko bahari ya mbali.

Miaka inayofundisha

Kumbukumbu za zaidi ya miaka sitini iliyopita zinaonyesha hivyo. Mwaka 1961 hapakuwa na El Niño, lakini dipoli ilikuwa chanya na yenye nguvu. Mvua za vuli ya mwaka huo zilikuwa kubwa kiasi kwamba Ziwa Victoria lilianza kupanda, na hadi 1964 kina chake kilikuwa kimeongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 1997 El Niño kali na dipoli chanya kali vilikutana, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko ambayo wazee bado huyatumia kama kipimo cha mvua nyingine zote. Barabara na madaraja yalikatika, na kipindupindu kilienea.

Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zilizo kali kabisa kuwahi kupimwa. Watu wengi walitarajia 1997 nyingine. Lakini safari hiyo dipoli haikuwa na nguvu ya kufanana na ile ya 1997, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mvua za vuli hazikufikia kiwango kilichohofiwa. Wapo waliojiandaa wakaona wamehangaika bure, na wapo walioapa kutosikiliza tena utabiri. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, hali iligeuka. Ilipofika vuli hapakuwa na El Niño ya kutangazwa, na jina ambalo masikio yalikuwa yamezoea halikusikika. Lakini dipoli chanya ya mwaka huo ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi tangu vipimo vianze. Mafuriko yalitokea kutoka Somalia na Kenya hadi Tanzania, wakati upande wa pili wa bahari hiyo hiyo Australia ilikuwa ikiungua kwa moto wa nyika baada ya ukame mkali. Kisha mwaka 2023 El Niño na dipoli chanya vilikutana tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mwezi Agosti kwamba mvua za vuli zingekuwa juu ya wastani, na zilinyesha.

Miaka ya ukame inasema jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Mwaka 2022 dipoli ilikuwa hasi na kali, nayo ilikuta La Niña iliyokuwa imeendelea tangu 2020. Vuli ilishindwa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na ukame mrefu wa Pembe ya Afrika ukaendelea.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba kusikia neno El Niño peke yake hakutoshi kumwambia mkazi wa Mafia ajiandae au apumzike. Swali la kuuliza kila mwaka, Julai na Agosti, ni hili: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi una joto kiasi gani ukilinganishwa na upande wa Sumatra? El Niño ikiwapo pamoja na dipoli chanya, hatari huongezeka. El Niño ikiwapo bila dipoli yenye nguvu, mambo huwa hayana uhakika. Dipoli chanya kali ikiwapo bila El Niño, maandalizi ni ya lazima ingawa redio haizungumzii jina lililozoeleka.

Masika na vimbunga

Elimu hii ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni sehemu ya elimu. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hazifungamani kwa nguvu na dipoli wala na El Niño. Wakati huo dipoli huwa imekwisha, na mvua huamuliwa zaidi na mambo ya muda mfupi, likiwamo wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia katika ukanda wa ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kipindi cha siku 30 hadi 60. Kwa hiyo utabiri wa vuli unaweza kuaminiwa mapema zaidi kuliko utabiri wa masika. Anayetaka kujua masika itakuwaje hana budi kufuata taarifa za wiki hadi wiki.

Vimbunga navyo vinahitaji kusemwa peke yake. Kimbunga hukua juu ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 26.5 au zaidi, kwa kina cha makumi ya mita. Mbele ya pwani ya Tanzania joto hilo hupatikana kila mwaka, lakini ukaribu wa ikweta na mwelekeo wa pepo huvifanya vimbunga kuwa adimu. Adimu haimaanishi kutokuwapo. Aprili 1872 kimbunga kiliiharibu Unguja pamoja na mikarafuu yake. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani ya nchi lakini kikapoteza nguvu kabla ya kufika. Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia yenyewe. Siku zilizotangulia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mfululizo, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilikuwa vimesimamisha safari.

Hidaya inaonyesha tofauti ya namna mbili za maandalizi. Kwa vuli yenye dipoli chanya, kisiwa hupewa miezi. Kwa kimbunga, hupewa siku tatu hadi tano. Kazi ambayo haiwezi kumalizika kwa siku tano, kama vile kuchimba mtaro, kuimarisha paa la zahanati au kuhamisha choo kutoka kando ya kisima, haina budi iwe imefanywa kabla kimbunga hakijapewa jina.

Tena bahari yenyewe inabadilika. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi umepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu mwanzo wa karne ya 20, miongoni mwa maeneo ya bahari za joto yaliyoongezeka haraka zaidi. Mizunguko iliyoelezwa hapa bado ipo, lakini sasa hupanda na kushuka juu ya msingi ulioinuka. Mafia iliona sehemu ya maana yake mwaka 1998, joto lililofuata El Niño lilipopausha matumbawe na kuua mengi, yakiwamo yaliyokuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa miaka mitatu tu kabla. Kwa wavuvi wa Jibondo, Juani na Chole, joto la bahari ni habari ya mazalia ya samaki na pweza kabla ya kuwa habari ya mvua.

Kuusoma utabiri bila kuudai zaidi ya uwezo wake

Kwa kawaida Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli mwezi Agosti. Katika taarifa hiyo, Mafia hutajwa pamoja na mkoa wa Pwani, Dar es Salaam, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba, katika kundi la pwani ya kaskazini. Maneno yanayotumika ni matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani, na za chini ya wastani.

Maneno hayo yanataja uwezekano. Chukuliwe mfano wa mwaka ambao uwezekano wa mvua za juu ya wastani ni asilimia 50, wa wastani ni asilimia 30, na wa chini ya wastani ni asilimia 20. Mvua za juu ya wastani ndizo zinazotarajiwa zaidi, lakini miaka kumi ya namna hiyo ikipita, miwili miongoni mwake itakuwa na mvua haba. Mtabiri hatakuwa amesema uongo katika miaka hiyo miwili. Nahodha anayeondoka Kilindoni kwenda Nyamisati hubeba vifaa vya kujiokolea kila safari, na hakuna anayemcheka akifika salama bila kuvitumia. Kata inayozibua mitaro kwa sababu ya utabiri inafanya jambo lile lile.

Baada ya mwelekeo wa msimu huja taarifa za siku chache, zenye rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Mwelekeo wa msimu huamua bajeti na kazi za mikono. Rangi huamua kama mtumbwi utoke, kama watoto wavuke bonde kwenda shule, na kama mgonjwa au mjamzito aliye kisiwa kidogo avushwe mapema kabla bahari haijachafuka.

Elimu ya wazee haipotezi nafasi yake. Mabaharia wa pwani hii walihesabu mwaka wa jua tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua kusi itaanza lini, matlai itavuma lini, na mbegu ziingie ardhini lini. Hesabu yao iliwaambia vuli huja lini. Vipimo vya joto la bahari huongeza jambo ambalo hesabu ya siku haikuweza kulisema: vuli ya mwaka huu itakuja na nguvu kiasi gani. Mvuvi anayeona maji yana joto lisilo la kawaida mwezi Septemba, na afisa mwenye taarifa ya Agosti mkononi, wana habari moja, na kikao cha kijiji ndipo mahali pa kuziunganisha.

Kazi za kata, mwezi kwa mwezi

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi za chini za serikali. Kamati hizo zina kazi zaidi ya kuhesabu nyumba zilizoanguka. Kazi yao kubwa iko kabla ya mvua, katika miezi ya kusi, ambapo ardhi ni kavu na watu wana nafasi.

Juni na Julai ni miezi ya kukagua. Kila kitongoji kiorodheshe njia za maji: mitaro, makalavati, mabonde, na mahali ambapo maji yalisimama katika mvua zilizopita. Nyumba nyingi zinazoingiliwa na maji zimejengwa juu ya njia ambayo maji yaliitumia kabla nyumba haijakuwapo. Ni jambo gumu kumwambia jirani kwamba ukuta wake umeziba njia ya maji ya mtaa mzima, lakini ni rahisi kulisema Julai kuliko usiku wa mvua, wakati maji ya uani kwake yameshaingia chumbani kwa mwenzake.

Agosti, taarifa ya vuli inapotoka, isomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji, ibandikwe kwenye ofisi za kata, na itangazwe misikitini, makanisani, sokoni na kwenye madiko. Ieleze mambo mawili waziwazi: hali ya dipoli ya Bahari ya Hindi, na uwezekano uliotajwa kwa pwani ya kaskazini. Taarifa inayobaki katika simu ya mtendaji haijamfikia mkulima wa Kirongwe wala mvuvi wa Ndagoni.

Septemba ni mwezi wa jembe na koleo. Mitaro izibuliwe, na mchanga unaotolewa upelekwe mbali, kwa kuwa ukiachwa ukingoni hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza. Mapaa ya shule na zahanati yakazwe misumari. Matawi yanayoegemea nyumba na nyaya yakatwe. Wakulima wa mpunga waandae matuta na njia za kutolea maji, na wakulima wa mwani waangalie kamba na vigingi vyao.

Visima na vyoo vina kanuni yake. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na chini ya shimo pabaki juu ya kimo cha maji ya ardhini hata maji hayo yanapopanda. Mahali ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi, shimo refu ndilo lenye hatari zaidi. Choo kilichoinuliwa juu ya ardhi ni salama kuliko kilichochimbwa. Midomo ya visima ijengewe ukingo ili maji yanayotiririka yasiingie. Baada ya mvua kubwa, maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa hata yakionekana safi, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi ya maji. Anayeharisha apewe maji yenye dawa ya ORS mara moja na apelekwe kituo cha afya. Maji yaliyosimama kwenye makopo, vifuu na matairi yamwagwe kila wiki, maana katika joto la pwani yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili.

Oktoba hadi Desemba, mvua yenyewe inaweza kuwa mali. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hesabu hiyo, mvua ya milimita 100 juu ya paa la nyumba lenye mita za mraba 50 ni lita 5,000. Juu ya paa la shule lenye mita za mraba 200 ni lita 20,000. Jibondo, kisiwa cha mwamba wa matumbawe, kimejulikana miaka mingi kwa uhaba wa maji ya kunywa. Kwa mahali kama hapo, kupitisha vuli ya dipoli chanya bila mifereji ya paa na matangi ni kumwaga baharini maji yatakayotafutwa kwa mashua miezi michache baadaye. Mifereji hiyo hiyo ndiyo itakayokusanya manyunyu machache ya mwaka wa dipoli hasi.

Kazi zote hizo zina sifa moja: hakuna hata moja inayopotea utabiri ukikosea. Mtaro uliozibuliwa hufaa katika mvua za wastani. Kisima kilichojengewa ukingo hulinda watoto mwaka mzima. Paa lililokazwa kwa ajili ya vuli litakuwa limekazwa pia kimbunga kikija Aprili au Mei. Hivyo mkazi hana sababu ya kungoja uhakika kamili ambao sayansi haiwezi kumpa.

Bahari iliyo mbele ya Kilindoni ni sehemu ya bahari inayofika Sumatra, na kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, huanza kuonyesha ni upande gani utakaopata mvua. Habari hiyo sasa hupimwa, hutangazwa, na hufika hadi ofisi ya kata bila malipo. Kilichobaki ni mwenye jembe kulitoa Septemba, ardhi ikiwa bado kavu.